Mhamaji Hazururi: Kucheza Watu wa Jangwani Mezani

Hotuba hii ilitolewa Iringa mjini mbele ya wachezaji wa michezo ya uhusika. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Kamwene, ndugu zangu!

Shikamooni wazee wetu mliokubali kukaa nasi leo. Karibuni sana mliotoka Mafinga, Njombe na Mbeya, na poleni na safari. Kwa wageni ambao ndiyo mara yao ya kwanza: michezo ya uhusika ni ile ambayo watu wanne au watano hukaa kuzunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na msimulizi mmoja anawaeleza dunia waliyomo. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Ulio maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kanuni nitakazozitaja leo ni za toleo lake la mwaka 2014.

Mada yetu ni watu wa jangwani. Mnamjua mhusika wa jangwani anayejitokeza kwenye meza nyingi? Ana kilemba. Ana upanga uliopinda. Hasemi sana. Vita vikianza anapigana kama askari yeyote wa mjini, vikiisha anakaa pembeni kimya. Sasa mvue kile kilemba. Kimebaki nini? Muulize mchezaji wake: jana mhusika wako alikunywa maji ya kisima cha nani? Ngamia aliyempanda ni wake au wa mjomba? Mwezi ujao anatakiwa awe wapi, na asipofika nani atahangaika? Kama hana majibu, anacheza vazi tu.

Nataka tushike jambo moja leo. Mhamaji hazururi. Nasema tena: mhamaji hazururi! Anayezurura jangwani hufa. Mhamaji ni mtu mwenye miadi. Ana miadi na mvua, ana miadi na kisima, ana miadi na watu anaowadai na wanaomdai. Ukiijua miadi yake, umemjua, na mchezo wenyewe unajiendesha.

Tuanze na mvua.

Hapa Iringa hatuna jangwa, lakini hatuko mbali na somo lake. Teremka Pawaga au Idodi uongee na mfugaji wa Kimasai au wa Kibarabaig. Kabla hajasogeza ng'ombe mmoja anajua anakwenda wapi, nani ametangulia huko, na majani yatadumu muda gani. Tazama na Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tembo hufukua mchanga wa mto mpaka wayafikie maji yaliyo chini. Aliyeona jambo hilo ameshaelewa nusu ya jangwa: maji yapo, ila ujue uchimbe wapi na lini.

Sasa twende mbali kidogo, Niger. Kila mwaka mvua zinapomalizika, mnamo Septemba, Watuareg na Wawodaabe hupeleka mifugo yao eneo la In-Gall. Kwa nini huko? Kwa sababu maji na udongo wa pale vina chumvi, na mifugo inaihitaji chumvi hiyo ili iimarike kabla ya kiangazi. Mifugo inalamba chumvi, na watu wanafanya mambo ya mwaka mzima. Ndoa zinapangwa, mashauri yanasikilizwa, wanyama wanauzwa, ngamia wanashindanishwa. Watu ambao hawajaonana tangu mwaka jana wanakutana kwa sababu ng'ombe wanahitaji chumvi. Je, kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzishia kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi? Mhusika wako, adui yake, mchumba wake na mdeni wake wote wako uwanja mmoja, na wote wataondoka baada ya siku chache. Anayetaka kusema jambo lazima aliseme sasa.

Mezani hilo linafanyika hivi. Kabla ya kuandika nguvu za mhusika, msimulizi na wachezaji wachukue karatasi moja na kuigawa sehemu nne: wakati wa mvua, baada ya mvua, kiangazi, na ule mwezi wa mwisho wa joto kali ambapo kila kitu kimekwisha. Wachore sehemu tano za maji. Sehemu mbili ziwe za kabila la mhusika peke yake, mbili wachangie na wengine, na moja iwe na mgogoro ambao haujamalizika. Kwenye kila sehemu waandike maneno mawili: nani anakunywa, na nani anatoa ruhusa. Basi. Kazi ya nusu saa. Ikishakamilika, msimulizi akisema "ni mwezi wa pili wa kiangazi," kila mchezaji anajua ukoo wake uko wapi na barua itawafikia baada ya siku ngapi.

Kosa kubwa hapa ni kuchora kila kitu mchanga. Sahara ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 9, na vilima vya mchanga vimechukua kama robo tu. Kwingine ni mawe, kokoto na nyanda za juu za mwamba. Kuna makorongo makavu pia, na humo ndimo wageni hupiga kambi kwa sababu kuna kivuli na hakuna upepo. Mvua ikinyesha milimani, mbali kabisa na macho yao, maji yanashuka usiku kwa nguvu na kuwazoa. Jangwani watu hufa maji, ndugu zangu. Mhusika wako wa jangwani ndiye anayepaswa kuwaambia wenzake, "Hapa hatulali." Hapo amekuwa na faida kwa kundi bila kuchomoa upanga.

Sasa maji yenyewe. Hapa nitakaa.

Kanuni zinasema mtu anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na galoni mbili kukiwa na joto kali. Galoni ni takriban lita 3.8, kwa hiyo galoni mbili ni kama lita saba na nusu. Akipata nusu tu ya kiasi hicho, anarusha dadu ya ustahimilivu wa mwili na lazima afikishe 15. Akishindwa anapanda ngazi moja ya uchovu. Akipata chini ya nusu, hakuna cha dadu: ngazi inapanda yenyewe. Kama tayari alikuwa na uchovu, zinapanda mbili. Ngazi ziko sita, na ya sita ni kifo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Watu watano, safari ya siku nane, lita saba na nusu kila mtu kwa siku. Ni lita 300. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kilo 300. Kiriba cha ngozi ya mbuzi mkipe lita 25: mnahitaji viriba 12. Ngamia wa safari mkimpa kilo 150, mnahitaji ngamia wawili wa kubeba maji peke yake, na bado hamjapakia tende, mtama, hema wala silaha. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa kiriba kitakachovuja. Wachezaji waifanye hesabu hii wenyewe, kwa kalamu zao, siyo msimulizi awafanyie. Wakiifanya wenyewe, wanaanza kuuliza maswali ya watu wa jangwani: je, tusafiri usiku? Je, lazima twende sote watano?

Halafu kasisi wa kundi anainua mkono. Ana uchawi wa kuumba maji, wa ngazi ya kwanza kabisa, unaotoa galoni 10. Watu watano kwa galoni mbili ni galoni ngapi? Kumi! Uchawi mmoja mdogo, asubuhi, na jangwa lote limekwisha. Wasimulizi wengi hapo hukasirika na kuupiga marufuku uchawi huo. Mimi naona wanakosea. Mchezaji akinyang'anywa alichokichagua kwa haki, anaacha kuiamini meza.

Dawa ni mifugo. Mpe mhusika wa jangwani mifugo yake. Kanuni zinasema mnyama mkubwa anahitaji galoni 4 kwa siku. Ngamia 40, ambao ni mali ya familia chache tu, wanahitaji galoni 160. Kasisi wa ngazi ya tano akitumia nguvu zake zote za siku nzima kuumba maji, anapata galoni 160 kamili, na anabaki bila uchawi hata mmoja wa kumponya aliyejeruhiwa. Tena uchawi huo unamimina maji kwenye chombo kilicho wazi. Je, mna mabirika ya kunyweshea ngamia 40? Mnaona? Hakuna aliyekatazwa kitu. Kasisi bado ni mtu wa maana sana, watu wa kambi wanamheshimu, lakini kisima bado kinahitajika.

Na kisima chenyewe kina kazi. Ngamia halisi hanywi kila siku. Anaweza kukaa siku nyingi, akapoteza robo ya uzito wa mwili wake kwa kukauka, joto la mwili wake likipanda hadi nyuzi 41 mchana na kushuka hadi nyuzi 34 usiku, naye bado anatembea. Nundu yake ni mafuta, si maji. Wekeni jambo hilo sawa mezani. Lakini akifika majini anaweza kunywa lita 100 kwa dakika kumi hivi. Haya, ngamia 40 wenye kiu ni lita 4,000. Ndoo ya ngozi ina lita 10. Mnavuta ndoo 400. Mkivuta ndoo moja kila dakika bila kupumzika, ni karibu saa saba. Kwa saa saba kabila lako limesimama mahali pamoja, panapojulikana na kila mtu, mikono ya vijana wote iko kwenye kamba. Kama wewe ni adui, utakuja lini?

Kusini mwa Ethiopia, kwa Waborana, kuna visima virefu vinavyoitwa tula. Watu husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa mikono. Ukikatika wimbo, ndoo zinagongana. Kila kisima kina ukoo unaokishika, na kuna mtu anayepanga zamu: leo mifugo ya nani, kesho ya nani. Wakati wa kiangazi ng'ombe huletwa majini kila siku ya tatu, kwa hiyo zamu ikikupita umeumia. Mtu mwenye kiu hunyweshwa. Mifugo ndiyo inayosubiri.

Sasa lipelekeni hilo mezani. Wachezaji wanafika kisimani na ngamia zao, wamechoka. Meza iliyozoea vita itasema, "Tunawashambulia." Meza inayojua jangwa itauliza, "Nani ana zamu leo?" Halafu inaanza mazungumzo: tunaweza kununua zamu? Tunaweza kuungana nao kuvuta, halafu tunyweshe jioni? Je, mama yake mhusika hakuzaliwa katika ukoo huu? Msimulizi aweke jedwali la visima kwa dadu ya pande sita. Ikitoka moja, kisima kimekauka. Mbili, kuna mnyama aliyeoza ndani, na kukisafisha ni kazi ya siku nzima. Tatu, wako ndugu zako, na wanajua deni lako. Nne, yuko adui, lakini mko ndani ya kipindi cha amani. Tano, maji yana chumvi: ngamia watakunywa, watu hawawezi. Hapo tano napapenda kuliko zote, kwa sababu ngamia jike akinywa maji yale anawapa watu maziwa. Mgeni anakufa kwa kiu kando ya maji, mwenyeji anakunywa kupitia kwa ngamia wake. Sita, maji matamu na hakuna mtu.

Tuje kwenye njia.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, na wengi wetu tulisoma habari zake shuleni. Mwaka 1352 mtu huyo huyo alivuka Sahara kutoka Sijilmasa, Moroko, kwenda Mali. Baada ya siku 25 alifika Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi, ambako nyumba zilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Mbele yake walisimama mahali penye maji kwa siku tatu, wakashona viriba vilivyochanika, wakavijaza, halafu wakavishonea nguo nzito juu yake kwa kuogopa upepo. Angalieni hapo. Upepo wa jangwa hukausha maji hata ndani ya ngozi. Mchezaji akisema tu, "Navishonea viriba vyangu nguo," msimulizi amwondolee ile sehemu ya kumi inayopotea. Maarifa yalipwe mezani.

Kutoka hapo msafara ulimwajiri mtu wa kabila la Masufa kwa mithkali 100 (kipimo cha uzito cha zamani) za dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutangulia peke yake hadi Walata, mji ulio ukingo wa kusini wa jangwa, akiwa na barua za wasafiri. Katika barua hizo kila msafiri alimwomba rafiki yake wa Walata amtafutie nyumba, na atoke na maji kuupokea msafara mwendo wa siku nne. Asiyekuwa na rafiki Walata alimwandikia mfanyabiashara mwenye sifa njema. Na kama mtangulizi yule angefia njiani? Watu wa Walata wasingejua kuna msafara, na wote au wengi wao wangekufa. Usiku wa saba waliona mioto ya watu waliokuja kuwapokea. Anasimulia pia kwamba kiongozi wao wa njia alikuwa chongo, na jicho lake lililobaki lilikuwa gonjwa, na bado aliijua njia kuliko mtu yeyote.

Ndugu zangu, katika kisa hicho joka halimo. Shetani hayumo. Hata mnyang'anyi hatumhitaji. Kuna mtu mmoja anatembea peke yake, na roho za watu wote zimo kwenye mfuko wake wa barua. Mchezaji gani hapa asingetaka kuwa mtu huyo kwa usiku mmoja?

Kwa hiyo kwenye karatasi ya mhusika wa jangwani ongezeni mstari mmoja: nani atatoka mwendo wa siku nne kukuletea maji? Jina, na sababu. Ulimtendea nini? Au alimtendea baba yako nini?

Kisa kingine ni cha msafara ule ule. Mwanzoni watu walikuwa wanatangulia mbele, wanalisha wanyama, wanafanya watakavyo. Mmoja wao, Ibn Ziri, aligombana na binamu yake, Ibn Adi, wakatukanana. Kwa hasira Ibn Ziri akabaki nyuma ya msafara. Msafara ulipotua, hakuonekana. Akapotea moja kwa moja. Ibn Battuta anasema tangu siku hiyo yeye hakutangulia wala hakubaki nyuma.

Mmesikia kilichomuua? Matusi yalimtenga na wenzake, na kutengwa kukamuua. Wachezaji wetu hupenda wahusika wao wagombane, na hilo ni zuri, linaleta uhai. Basi jangwani ugomvi uwe na uzito wake. Mhusika akisema "nabaki nyuma" au "natangulia," msimulizi amrushie dadu ya njia peke yake, bila msaada wa kiongozi. Akishindwa mara moja, haoni tena vumbi la wenzake. Akishindwa mara ya pili, haoni nyayo. Mara ya tatu msimulizi amuulize ana maji kiasi gani, na asimsaidie.

Kuhusu mwendo: kanuni zinatoa maili 24 kwa siku kwa mwendo wa kawaida, takriban kilomita 39, na hiyo inakubaliana vizuri na msafara wa ngamia waliobeba mizigo. Kutoka hapa hadi Mafinga ni siku mbili na kidogo. Msiwaruhusu watu wavuke jangwa kwa siku tatu.

Mavazi nitayapitia kwa ufupi, lakini kuna kanuni moja lazima tuirekebishe. Joto likifika nyuzi 38, asiye na maji ya kunywa anarusha dadu ya ustahimilivu kila saa, na aliyevaa nguo nzito anarusha akiwa na hasara, yaani anarusha mara mbili na kuchukua namba ndogo. Wachezaji wakisoma hivyo wanawavua wahusika wao mashati. Ni makosa! Ngozi iliyo wazi juani inaungua na jasho linapotea bure. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani. Watafiti waliona kwamba kanzu nyeusi hunyonya joto zaidi, lakini joto hilo la ziada hupotea kabla halijaifikia ngozi, kwa hiyo anayevaa nyeusi na anayevaa nyeupe wanapata joto sawa. Vazi pana lenye hewa ndani yake lisihesabiwe kuwa nguo nzito. Usiku msimulizi akumbuke baridi. Watu wa Iringa tunaijua Juni. Jangwani mchana wa moto unaweza kufuatwa na usiku unaokaribia nyuzi sifuri, na kuni hakuna. Wanachoma samadi kavu ya ngamia.

Tumekuja kwenye hema, na hapa ndipo michezo mingi inapowadharau watu hawa.

Hema ni la nani? Kwa Watuareg hema ni la mke. Analipata anapoolewa, na ndoa ikivunjika anaondoka nalo. Mume ndiye anayebaki bila kwake. Kwa Warendille na Wagabra, jirani zetu wa kaskazini mwa Kenya, wanawake ndio wanaojenga nyumba na kuzibomoa, na nguzo zake hupakiwa ngamia siku ya kuhama. Mabedui wana hema la manyoya ya mbuzi lililofumwa na wanawake. Manyoya yakilowa yanavimba na kuziba matundu, mvua haipiti. Kwa hiyo mhusika mwanamke wa jangwani ana nini mkononi? Ana nyumba. Anaamua nani analala ndani. Msimulizi anayewaweka wanawake wote nyuma ya pazia bila jina ameipoteza nusu ya kambi yake.

Na shela? Kwa Watuareg anayejifunika uso ni mwanamume. Kitambaa chake kina urefu wa mita kadhaa, anakipandisha na kukishusha kulingana na aliye mbele yake. Mbele ya wakwe anakipandisha mpaka yabaki macho. Wanyakyusa mliopo hapa, mnaojua habari za mkamwana kumkwepa baba mkwe, mnaelewa mara moja. Chezeni hilo kwa mikono: shika skafu yako mezani, ipandishe unapoongea na mkubwa, ishushe unapokuwa na rafiki. Siku utakapoishusha mbele ya adui, meza nzima itajua umemdharau, na hujasema neno.

Mgeni ana sheria yake. Kwa Mabedui mgeni hukaa siku tatu chini ya ulinzi wa mwenye hema, hata kama ni mtu wa ukoo wenye uhasama. Nani asiyeona hadithi hapo? Mwizi wa ngamia zako ameingia hemani kwa mama yako na kula chakula chake. Una siku tatu za kumtazama. Mpe msimulizi saa ya chai: Watuareg humimina bilauri tatu, na kuondoka kabla ya ya tatu ni kumvunjia mwenyeji heshima. Mezani bilauri ya kwanza iwe ya habari za safari, ya pili habari za mifugo na watoto, na ya tatu ndipo aliyekuja na shida aiseme. Mchezaji anayetaka kukimbilia shida yake kwenye bilauri ya kwanza apewe jibu la adabu na asipewe kitu. Na nyama? Maziwa, tende na mtama ndicho chakula. Mnyama anachinjwa kwa mgeni au kwa sherehe. Kundi linalochinja ngamia kila jioni linakula miguu yake lenyewe.

Vita nitasema kidogo. Uvamizi wa Mabedui wa zamani ulitafuta ngamia, na kuua kulikwepwa kwa sababu damu inaleta kisasi. Hakuna anayepigana saa saba mchana kwa hiari yake. Hayo mawili yanatosha.

Limebaki tatizo ambalo kila meza inalo: mtu wa jangwani anafanya nini na wageni wanne mjini, ndani ya shimo la mazimwi, mbali na ngamia wake? "Ametoroka kabila lake" ni jibu la haraka, na linamkata mhusika kutoka kwa kila kitu tulichokisema leo. Mpeni deni badala yake. Katika sheria ya Kiislamu dia, yaani fidia ya damu, ya mtu mmoja ni ngamia 100, na kwa Mabedui ndugu wa damu hadi kizazi cha tano wanahusika katika kisasi na malipo yake. Sasa tunga: binamu yako ameua. Ukoo umekubali kulipa. Mgao wako ni ngamia sita, mna mwaka mmoja, na wewe una wawili. Umeshuka mjini kutafuta thamani ya ngamia wanne. Sasa kila kifuko cha dhahabu kina maana, kila safari ina tarehe ya mwisho, na In-Gall yenu, ule mkutano wa mwaka, unakuja. Wenzako wa mezani nao wanajua hesabu yako. Watakuuliza kila wakitoka shimoni: "Bado wangapi?"

Kwenye majina, tungeni yenu. Watuareg, Waborana, Wagabra, Mabedui ni watu walio hai, wana watoto wanaosoma na simu mifukoni kama sisi. Chukueni kazi zao za maji, mifugo na njia, kwa sababu hizo ni akili za watu waliofaulu mahali pagumu. Mambo yao ya ibada na maziko waachieni wenyewe. Kabila la mezani lipewe jina la kisima chake au la nyota yake ya njia, nalo litakuwa na mwelekeo tangu siku ya kwanza.

Tuna meza nne leo, na penseli ziko kwenye boksi pale mlangoni. Gawaneni watu watano watano, msimulizi mmoja kila meza. Anzeni na karatasi ya sehemu nne na visima vitano. Msiguse silaha wala uchawi mpaka visima vyote viwe na wenyewe. Kisha kila mchezaji aandike jina la yule atakayetoka mwendo wa siku nne na maji, na ampe karatasi hiyo mchezaji aliye kushoto kwake, kwa sababu huyo ndiye atakayemwigiza mtu huyo mchezo ukianza. Nitapita kila meza kwa maswali. Asanteni sana.